Kambini, Mtaa Usioimba

Jambo la kwanza nililoligundua nilipohamia Kambini ni ukimya. Nilikuwa nimeonywa na kila mtu aliyenitakia mema. Mkuu wangu wa shule, mzee wa kanisa asiyependa mzaha, aliniambia kwamba mwalimu kijana asiye na mke hana shughuli katika mtaa ule. Kwamba huko watu hulala mchana, huishi pamoja bila ndoa, hunywa pombe ya wanzuki kabla jua halijapanda, na hupiga kelele saa zote. Mambo matatu ya kwanza niliyakuta kama alivyoyasema. La nne halikuwapo. Katika mtaa uliojaa waimbaji na wapiga magitaa, sikumsikia mtu akiimba huku anafua, wala akipiga mluzi huku anachana nywele. Wanawake wa mitaa mingine ya mji wa Shinyanga walitwanga kwa nyimbo. Wa Kambini walitwanga midomo imefumbwa, ukasikia mchi tu.

Kambini ni jina la mdomoni. Halimo katika ramani yoyote niliyoiona. Mtaa wenyewe ulikuwa ng'ambo ya Kambarage, pale nyumba zinapoanza kuachana na majaruba ya mpunga kuanza. Nyumba zake za kwanza zilijengwa na familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini, kwa ajili ya kuwapangisha vibarua wa pamba. Vibarua walipopungua wakaja wanamuziki. Huo ulikuwa wakati wa mashirika ya umma kuwa na bendi zao, na mpiga tarumbeta aliajiriwa kama karani, akawa na mshahara, sare na likizo. Kisha mashirika yakaanza kuyumba, na kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa muziki. Watu waliokuwa wamezeeka na gitaa begani hawakuona namna ya kurudi kijijini kushika jembe. Wakabaki.

Waliobaki wakawavuta wengine. Alikuja fundi cherehani aliyeshona mashati ya jukwaani yenye kola pana kama masikio ya tembo. Alikuja mchoraji wa mabango, mtu wa kijiji cha Didia, aliyechora ukutani mwa studio ya picha bahari ambayo hakuwahi kuiona, akaweka na ndege juu yake, na nusu ya mji ikapigwa picha mbele ya maji yale. Alikuja mcheza ngoma wa nyoka, ambaye nyoka wake walikaa ndani ya chungu chini ya kitanda, naye akawa ndiye mpangaji mpole kuliko wote. Walikuja wanawake waliowaacha waume, na waume waliowakimbia wake. Mtu asiyeeleweka kwao alieleweka Kambini. Mji mzima uliamini kwamba pale watu wanaishi wanavyotaka. Wachamungu waliusema mtaa huo kwa hasira, na nimekuja kujua baadaye kwamba hasira ya wengi wao ilikuwa na wivu ndani yake. Mimi niliyekaa pale miaka minne nasema kwamba sijapata kuishi na watu waliofungwa kama wale.

Aliyewafunga hakuwa mtu mkali. Alikuwa mnunuzi wa almasi wa Maganzo, mnene, mwenye sauti ya chini, asiyepitwa na msiba wa jirani. Mashirika yalipouza mali zao, yeye alinunua vyombo vya bendi: spika, ampli, magitaa, tumba, drams. Alinunua pia nyumba ya vyumba sita yenye ua mpana, akawaweka wanamuziki humo, na hiyo ndiyo ikawa kambi iliyoupa mtaa jina lake. Chumba kimoja kilichobaki wazi nikapangishwa mimi, kwa kuwa shule haikuwa na nyumba ya kunipa.

Mwenye vyombo aliijua sheria moja tu ya kazi, nayo ni ile ya mashimo ya Maganzo. Kule tajiri huwalisha wachimbaji wakati wote wanapochimba, wapate wasipate. Jiwe likionekana, ni la shimo, na shimo ni lake, naye ndiye agawaye. Alipoingia katika muziki hakuona sababu ya kubadili. Aliwalisha wanamuziki ugali na dagaa, akawatibu wakiugua, na wimbo wowote uliosikika ndani ya ua ule kwa mara ya kwanza ukawa wa vyombo. Mtunzi akiondoka, wimbo unabaki. Haikuandikwa popote wala haikujadiliwa. Mtu akiguna sauti mpya wakati anamenya viazi, mpiga solo akaishika, basi imekwisha, haimfuati tena.

Ndiyo maana hawakuimba. Mwenye sauti mpya kichwani aliaga kana kwamba anakwenda dukani, akatokomea majarubani, akaimbia vyura. Nimewahi kumwona mwanamume mzima, mpiga besi aliyetoka Uzaramo, amesimama katikati ya mpunga na suruali imekunjwa, anatikisa kichwa peke yake. Aliponiona alinyamaza, akanisalimu kwa heshima iliyopita kiasi, akasema anatafuta kuku wake. Hakuwa na kuku.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu utumwa, na nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi. Siufananishi utumwa ule na huu wa Kambini. Hakuna aliyepigwa pale Kambini na lango halikuwa na kufuli. Lakini mtu anayeogopa koo lake mwenyewe hahitaji kufuli.

Chumba cha pili kutoka changu alikaa mwimbaji wa kike, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto wa wakulima wa Didia. Aliishi na mpiga solo bila ndoa, jambo ambalo nililikemea mbele yao wote wawili katika juma langu la kwanza, nao wakanisikiliza kwa adabu kama watu wanaosikiliza taarifa ya hali ya hewa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na haikuwa na madoido. Miaka ile dhahabu ya Geita ilikuwa inawaita watu, na wenye fedha za huko nao walikuwa wanaanzisha bendi. Mmoja wao alikuwa amemsikia, akamtumia salamu: aje, lakini aje na wimbo wake. Mwimbaji asiye na wimbo, alisema, ni mdomo wa kuazima, na midomo anayo ya kutosha.

Naye wimbo alikuwa nao. Alinieleza mwenyewe siku moja tukisubiri maji kwenye bomba la mtaa, kwa kuwa mimi sikuwa mwanamuziki na kwa hiyo sikuwa hatari.

"Ninao, mwalimu. Nimeutunga mwaka wa pili huu. Hata huyu mwenzangu hajausikia."

"Mnalala chumba kimoja."

"Chumba kimoja, ndiyo. Wimbo umelala kwangu." Akacheka, kisha akaacha. "Mvua zikikatika naondoka. Nikiukosa huu, mimi nitazeekea hapa, nakula dagaa wa yule mzee mpaka nife."

Mvua hazijakatika, mama yake akaletwa. Alikuwa anaumwa kifua, na hospitali ilimtaka awe anarudi kila wiki. Didia ni mbali kwa mtu anayekohoa vile. Akalazwa kitanda cha binti, mpiga solo akahamia kwa wenzake, na safari ya Geita ikasimama.

Mama huyo alikuwa mdogo wa mwili, mwenye mikono mikubwa ya kuchuma pamba na macho ya kutaka kujua kila kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, kilichojaa Kisukuma. Kila asubuhi aliuamkia ua mzima, akimtaja kila mtu kwa kazi yake, na mpiga besi, ambaye ni mtani wake kwa kabila, hakumwacha.

"Mama, leo umewaota ng'ombe wangapi?"

"Nimekuota wewe, mtani. Umefungwa kamba, unakula pumba."

"Na nikashiba?"

"Mzaramo atashiba lini?"

Ua wote ulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa ndiyo sauti pekee iliyotoka bure katika nyumba ile.

Lazima nieleze jinsi nyumba zile zilivyojengwa. Kuta za kati hazikufika juu. Ziliishia usawa wa mkono ulionyooshwa, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, hewa ipite. Hewa ilipita, na kila kitu kingine pia. Kikohozi cha chumba cha kwanza kiliamsha chumba cha sita. Kwa hiyo alasiri ile mama alipomwambia binti yake maneno yale, tuliyasikia wote: mimi nikisahihisha mitihani, wenzake wakicheza drafti uani, umeme umekatika kama kawaida ya miaka ile.

"Ng'wanone, mwanangu," mama alisema, "watu wa Didia wananiambia mtoto wangu anaimba. Mimi sijakusikia tangu uko mdogo. Niimbie."

"Mama, pumzika."

"Nimepumzika siku zote hizi. Niimbie kimoja. Huenda nikafa."

"Hufi."

"Basi niimbie nikiwa mzima."

Binti alikuwa na nyimbo nyingi za bendi. Angeweza kumwimbia yoyote kati ya zile za kuwasifu wanunuzi wa mawe, na mama asingejua tofauti. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaiachia bila kuimba, kisha akavuta tena. Akaimba ule.

Ulikuwa wimbo wa mtoto anayembebesha mama mzigo wa mgongoni na wa kichwani kwa safari moja. *Ulinibeba mgongoni, uso wako sikuuona.* Sina elimu ya muziki. Naweza kusema tu kwamba niliweka kalamu chini. Uani, kete za drafti zilinyamaza. Nilichungulia dirishani nikawaona: mpiga solo, mpiga besi, mpiga tumba na kiongozi wa bendi, vichwa vimeinama, kila mmoja akijua anachokisikia na kinachomaanisha. Wangeweza kuupokea hapo hapo, ukawa wa vyombo.

Kiongozi wa bendi aliinuka. Alikuwa mtu wa makamo, mlevi, ambaye sikuwa nimemwona akifanya jambo lolote la maana. Alichukua ndoo ya bati, akaipindua, akaanza kuipiga kwa jiwe kana kwamba ananyoosha mabonyeo yake. Mpiga besi akaanza kugombana na mpiga tumba kuhusu kete, kwa sauti ya juu, matusi ya kweli. Mpiga solo alisimama katikati yao, mikono nyuma, vidole vimefungwa ngumi. Walipiga kelele mpaka wimbo ukaisha. Halafu kiongozi akaiweka ndoo chini, imeharibika kabisa, akasema, "Sikusikia kitu leo. Nani amesikia?" Wakarudi kwenye drafti.

Nimeyasema mengi mabaya kuhusu watu wale, na sehemu kubwa nayasema hata leo. Lakini ndoo ile ilikuwa mali ya mwenye vyombo, na aliyeivunja alikuwa analala kwa huruma ya mwenye vyombo.

Kilichotokea baadaye hakikutoka kwa adui. Dawa zilimsaidia mama. Akaanza kutoka nje, kukaa kwenye mkeka uani, kubangua karanga. Nikirudi shule nilimkuta hapo, na siku moja katika juma lile lile nilimkuta na mgeni. Mke wa mwenye vyombo alikuwa amekuja, kama alivyofanya mara kwa mara, kuangalia nyumba yake, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye utu alikaa mkekani kumjulia hali mgonjwa na kumsaidia karanga. Mama alikuwa amepona nusu, jua lilikuwa la kupendeza, na mikono ilikuwa na kazi. Akaanza kuimba chini chini.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nani angemwambia, na kwa maneno gani? Kwamba katika nyumba hii, mama, usiimbe wimbo wa mwanao?

Mpiga tumba alikuwa anaosha miguu kwenye karo. Alijaribu kukohoa. Mama aliendelea.

"Wimbo mzuri," mke wa mwenye vyombo alisema. "Wa Didia huo?"

"Wa mtoto wangu huu. Kautunga mwenyewe. Kaniimbia humu ndani." Akaonyesha chumba kwa ganda la karanga. Sijapata kuona uso wenye fahari kama ule. "Ngoja nikuimbie mwanzo wake."

Akauimba tangu mwanzo, kwa sauti kamili safari hii, na wote waliokuwapo wakausikia pasipo ndoo. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ametoka bombani, maji kichwani. Alisimama hivyo hadi mwisho. Kisha aliingia jikoni, akatua ndoo, akabaki huko.

Mwenye vyombo alikuja kesho yake. Hakufoka. Alimsalimu mama, akamletea sukari na sabuni, akamwambia amezaa mtu. Kisha akazungumza na kiongozi wa bendi pembeni, na alasiri yake wimbo ukaanza kufanyiwa mazoezi ukumbini. Nilimfuata kiongozi nikamwambia kwamba jambo lile ni wizi.

"Mwalimu, wewe unakula wapi?"

"Nakula kwa mshahara wangu."

"Ndiyo maana una maneno." Alitazama ardhi. "Nilipiga ndoo mimi. Ningempigia ndoo na mama?"

Nikamwendea mwimbaji mwenyewe. Nilimwambia aende kwa mama yake, amweleze ukweli, kisha adai haki yake mbele ya watu. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa vizuri. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Mama yangu amelima pamba maisha yake yote," alisema. "Hajawahi kuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Sasa anacho. Wewe unataka nimwambie kakiua?"

Nilirudi chumbani kwangu na hoja zangu.

Wimbo ukavuma. Ukumbi wa bendi ulikuwa karibu na barabara kuu, na Jumapili alasiri palikuwa na bugi, dansi ya mchana waliyoruhusiwa hata vijana. Wachimbaji walishuka kutoka Maganzo na nguo zao mpya. Kwa desturi, mwenye kutaka kusifiwa hupanda jukwaani, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, na jina lake linaingizwa katika wimbo. Kwa hiyo mahali palipokuwa pa mama paliingia wanunuzi wa mawe, mmoja baada ya mwingine. Fulani bin fulani ndiye aliyenibeba mgongoni. Binti alikuwa anaimba hivyo huku jasho limeishikilia noti kwenye paji lake, na uso wake hauonyeshi chochote.

Mama aliwekewa kiti cha mbele. Nilikaa naye mara moja, nikiwa nimekwenda, najiambia, kwa sababu ya kumsindikiza mgonjwa. Aliposikia jina la mnunuzi mmoja mnene aliniinamia.

"Huyo alimbeba lini?"

"Ni desturi yao tu, mama."

"Ngoja amzae kwanza," alisema, akacheka hadi kifua kikambana, akafuta macho kwa kanga. Alikuwa na furaha. Siwezi kuandika vinginevyo.

Hakufa. Alipona, akarudi Didia, na hapo ndipo mlango ulipofungwa kwa binti yake. Kwa kuwa kila mwezi mama alikuja na basi, amebeba michembe ya viazi vitamu na kuku, na mara nyingine ameongozana na wanawake wawili watatu wa kijijini, waje wasikie "wimbo wetu." Wa Geita walituma salamu mara moja zaidi, kisha wakapata mdomo mwingine. Angeweza kwenda hata hivyo. Lakini akiondoka, wimbo ungebaki na vyombo na kupewa mwimbaji mwingine, na mama, akija na michembe yake, angekaa kiti cha mbele kumsikiliza mgeni akimwambia alimbeba mgongoni. Angeuliza kwa nini. Na jibu la kweli lingeanzia mkekani, kwenye karanga.

Mwaka wa nne nilipata uhamisho, na kwa jinsi mambo yanavyopangwa na watu wasiotujua, nilipelekwa Geita. Siku niliyokuwa nafunga mizigo mama alikuwapo. Alikaa uani pale pale, safari hii anachambua mchele. Wanamuziki walikuwa wanapumzika kivulini, kimya. Mama alitazama huku na huku, akaniita.

"Mwalimu, wewe umesoma. Niambie. Hawa ni waimbaji. Mbona hawaimbi humu ndani? Kwetu hata anayechunga mbuzi anaimba."

Kiongozi wa bendi alifumba macho kama aliyelala. Mpiga besi, ambaye hakukosa neno, aliinamia kiatu chake. Binti alikuwa anafua. Mikono yake ilisimama ndani ya maji, akanitazama mimi, siyo mama yake.

Nimefundisha maisha yangu yote kwamba uongo wa huruma ni uongo, na kwamba anayeufunika uovu anaulisha. Nilifundisha hivyo wiki ile ile. Naamini hivyo hadi leo.

"Wanachoka, mama," nilisema. "Mtu haleti kazi nyumbani."

Alilifikiria jibu langu, akaliona la kijinga, akarudi kwenye mchele wake. "Mimi sijachoka," alisema, akaanza kuimba wimbo ule ule, chini chini, akirusha mchele kwenye ungo. Ulikwisha kuwa wa vyombo. Hapakuwa na cha kuficha tena. Binti aliinua shati kutoka kwenye beseni, akalikamua, na bila kugeuka akaingia katika wimbo kwa sauti ya pili, chini ya ile ya mama, kwa maneno ya mwanzo yasiyo na jina la mnunuzi yeyote. Ndiyo mara pekee niliyosikia watu wakiimba pamoja katika ua wa Kambini. Wengine walisikiliza, midomo imefumbwa. Mpiga solo alikuwa ameweka viganja vyake chini ya mapaja, amevikalia.

Nilibeba sanduku langu wakati bado wanaimba, kwa kuwa basi la Geita halisubiri mtu.